Kukata pevingi na tofali bila kutimua vumbi: mwongozo wa tangi la maji la kubeba

Ukipita mtaa wowote wa Dar es Salaam unaojengwa utamkuta. Saidia fundi amechuchumaa, mkononi ana chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyotobolewa kizibo kwa msumari, anakamulia maji kwenye mstari wa penseli huku fundi anakata pevingi, yale matofali madogo ya simenti ya kutandika uani. Chupa ikiisha, saidia anakimbia kuijaza. Fundi hangoji. Anamalizia kipande kikavu, na wingu jeupe linawafunika wote wawili.

Nimekuwa saidia wa namna hiyo, halafu nikawa fundi mwenye saidia wa namna hiyo. Wazo la chupa si baya, ila lina kasoro mbili: maji hayatoki mfululizo, na mkono wa binadamu uko sentimita chache tu kutoka kwenye diski inayozunguka karibu mara elfu tano kwa dakika. Huu ni mwongozo wa kuutoa ule mkono pale na kuweka mpira wa maji mahali pake. Vifaa vyake vinabebeka kwenye bajaji, na havihitaji bomba la mtaa liwe linatoka maji, jambo ambalo kwa saiti zetu nyingi si la kutegemea.

Kwa nini maji yalenge diski, si hewa

Watu wengi hudhani kazi ya maji ni kulituliza vumbi lililokwisha kuruka, kama vile mtu anavyomwagilia uwanja kabla ya kufagia. Kwa vumbi la kukata zege haiko hivyo. Lile unaloliona, linalotua kwenye kope na kwenye kola ya shati, ni chembe kubwa. Pua na koo huzikamata nyingi. Hatari iko kwenye chembe usizoziona, zenye kipenyo cha maikromita chache (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), zinazopita hadi kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu. Chembe ya maikromita 2, kwenye hewa iliyotulia, huchukua zaidi ya saa moja kushuka kutoka kimo cha kifua cha mtu hadi chini. Ukipulizia maji kwenye wingu la chembe za aina hiyo, matone yanazisukuma pembeni pamoja na hewa na nyingi zinabaki zikielea. Lakini maji yakiwa tayari yapo pale diski inapouma jiwe, unga unatoka ukiwa tope. Hauna nafasi ya kuruka.

Kinachoogopwa ndani ya unga huo ni silika, ile ile iliyo kwenye mchanga. Kwa kuwa zege, tofali za simenti, pevingi na lipu vyote vimechanganywa mchanga, vyote vinayo. Granaiti, kama yale mawe makubwa ya Mwanza, inayo kwa wingi. Mawe ya matumbawe ya Unguja na Mombasa ni ya chokaa na silika yake ni ndogo, ila udongo wa simenti uliojengea ukuta huo umejaa mchanga, kwa hiyo usijidanganye. Silika ikirundikana mapafuni kwa miaka huleta silikosisi, makovu ambayo hayana tiba na hayarudi nyuma hata ukiacha kazi. Pia humfanya mtu awe rahisi zaidi kushikwa na kifua kikuu, na kwa nchi zetu hilo peke yake lingetosha. Mwaka 1997 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka silika ya aina hii kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Kanuni ya mwaka 2016 ya OSHA, wakala wa usalama na afya kazini wa Marekani (tusiuchanganye na OSHA yetu ya Tanzania), inaweka kikomo cha maikrogramu 50, yaani sehemu 50 za elfu za miligramu, kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8. Mtu anayefanya kazi ya nguvu huvuta kama mita 10 za ujazo kwa zamu. Piga hesabu: ni nusu miligramu kwa siku nzima, uzito unaokaribia punje moja ya sukari. Wingu moja la dakika mbili kavu linaweza kummalizia mtu posho yake ya siku.

Kabla ya yote: lazima ukate?

Hili wengi hulipita. Kwenye pevingi, nusu ya vipande tunavyokata tungeweza kuviagiza kiwandani vikiwa nusu, au kupanga mstari uanzie upande ambao mabaki yanaangukia kwenye bustani. Tofali la simenti la inchi 5 au 6 linapasuka vizuri kwa tindo na nyundo ukilizungushia mkwaruzo kwanza pande zote nne. Kuna na mashine ya mkono ya kupasulia pevingi, yenye mkono mrefu kama wa pampu ya kisima na meno juu na chini: unabana, linakatika, vumbi karibu hakuna, umeme wala petroli hakuna. Ukingo wake hautoki laini kama wa diski, lakini kipande kitakachofichwa na jiwe la ukingo nani atakiona?

Vilivyobaki ndivyo vya kukata kwa maji.

Mashine gani inakubali maji

Hapa nakuomba usome taratibu, maana ndipo watu wanapokufa.

Grainda ya kawaida ya umeme haikutengenezwa kumwagiwa maji. Inavuta hewa ya kupozea kupitia matundu ya nyuma, na ikivuta hewa inavuta na ukungu wa maji. Umesimama kwenye tope, ndala mguuni, waya wa kuunga umelala kwenye dimbwi. Sihitaji kumalizia. Kama una grainda tu, mwongozo huu haukuhusu. Kata kwa tindo, au tafuta grainda yenye kofia ya kufunika diski iliyounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi, au azima mashine inayofaa.

Mashine inayofaa ni ile ya petroli ya kukatia zege, ya diski ya inchi 12 au 14, ambayo kwenye kinga yake ina vijibomba viwili, kimoja kila upande wa diski, na kichwa cha kuchomekea mpira wa maji. Nyingi zinakuja navyo kutoka kiwandani, ila mafundi wanavitoa kwa kuwa "vinasumbua". Ukikodi, angalia kama vipo, tena vyote viwili. Siku hizi zimeingia na za betri zilizotengenezwa kwa maji. Hizo nazo ni sawa. Meza ya umeme ya kukatia vigae, yenye beseni la maji chini, ni sawa pia mradi ichomekwe kwenye swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30, na ijaribiwe kwa kitufe chake kila asubuhi.

Mashine ya petroli isiingizwe ndani ya chumba hata milango ikiwa wazi. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyonuka wala kutoa onyo.

Diski iwe ya almasi, na iandikwe kwamba inaruhusiwa kwenye maji. Ile iliyoandikwa ya maji pekee usiikatie kavu hata mara moja. Meno yake yanapata moto, yanalegea kwenye chuma na kuruka. Diski nyeusi za unga uliogandishwa kwa gundi sizipendi kwa kazi hii: zikilowa na kulala na unyevu zinaweza kudhoofika, na diski dhaifu ikipasuka haichagui nani wa kumpiga. Soma pia kasi iliyoandikwa juu ya diski. Ya inchi 12 iliyopimwa kwa mita 80 kwa sekunde mwisho wake ni kama mizunguko 5,100 kwa dakika. Kasi ya mashine yako isizidi ile ya diski.

Tangi: njia tatu, na ninayoipenda

Ya kwanza ni tangi la kubana upepo, la lita 10 hadi 15, lenye pampu ya mkono juu yake kama ile ya kujazia upepo baiskeli. Unaweka maji, unapampu, unafungua koki, maji yanakwenda yenyewe. Kuna la chuma na la plastiki ngumu. Jambo moja usilisahau: usilijaze hadi shingoni. Upepo ndio unaosukuma maji, na unahitaji nafasi. Chukua tangi la lita 10 lenye maji lita 7 na upepo lita 3 kwa presha ya bar 3. Ukishatumia lita 3 tu za maji, upepo umetanuka mara mbili na presha imeshuka hadi bar 1. Ndiyo maana saidia anapaswa kupampu tena kila baada ya vipande vichache, asisubiri maji yakonde. Valvu ya usalama, ile inayopiga mluzi presha ikizidi, isizibwe kwa sababu yoyote.

Ya pili ni bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, la lita 16 au 20. Linapatikana kwenye kila duka la pembejeo kuanzia Kariakoo hadi Kibaigwa, na vipuri vyake vinauzwa reja reja: washa (kile kipete cha kuzibia pampu), mpira, mpini, valvu. Unatoa ile fimbo ya kupulizia na kuunganisha mpira moja kwa moja kwenye mashine. La betri ni tamu zaidi kwa kuwa presha yake haipandi na kushuka. Hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu ikiharibika saa nne asubuhi, saa tano nimeshaitengeneza.

Ila bomba liwe jipya. Nilipoanza niliazima la shambani, nikalisuuza mara tatu, nikaona inatosha. Mchana mzima tulikata na ule ukungu mwembamba unaoruka kwenye diski ukitupiga usoni, jioni kichwa kinanigonga na saidia wangu anatapika. Ni dawa gani ilikuwa imepita mle hata mwenye bomba hakukumbuka. Tangu siku hiyo bomba langu nimelichora mstari mwekundu na kuandika SAITI TU kwa rangi ya mafuta.

Ya tatu ni dumu lililopandishwa juu, kwenye kiunzi au juu ya gari, maji yakishuka yenyewe. Ni rahisi, lakini kila mita ya kimo inakupa bar 0.1 hivi ya presha, kwa hiyo dumu lililo juu ya stuli ni mapambo. Lipandishe mita mbili au zaidi, mpira uwe mnene na mfupi, kisha upime kama nitakavyoeleza. Likishindwa kipimo, liache.

Maji yawe safi. Ya kisima chenye chumvi, ambayo Temeke na Kigamboni tunayajua vizuri, yanakula beringi za mashine na kuacha madoa meupe kwenye pevingi za mteja. Ya mtaroni hapana, maana utayavuta kama ukungu.

Kuunganisha

Vitu vya kununua ni vichache: mpira wa maji wa mita 4 hivi, kiungo cha kuchomeka na kuchomoa kinacholingana na kichwa cha mashine yako (nenda na mashine dukani, usikisie), vibanio viwili vya mpira, chujio dogo, koki moja, na tepu nyeupe ya mafundi bomba.

Anza upande wa tangi. Funga koki karibu na tangi ili saidia aweze kukata maji bila kumsogelea fundi. Baada ya koki weka chujio. Punje moja ya mchanga inatosha kuziba kijibomba cha upande mmoja, na upande mmoja ukiziba hutajua hadi uone vumbi. Kaza vibanio kwa bisibisi, si kwa waya wa kufungia nondo. Waya unakata mpira taratibu, kisha siku moja unapasuka kazi ikiwa katikati.

Urefu wa mita 4 una sababu. Saidia anasimama nyuma na pembeni ya fundi, mita mbili au zaidi, nje kabisa ya mstari wa diski mbele na nyuma, maana diski au kipande kikiruka hufuata mstari huo. Mpira upite nyuma ya fundi, usikatize miguuni mwake.

Sasa pima, mashine ikiwa imezimwa. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita. Weka mdomo wake chini ya vijibomba kwa namna ambayo maji ya pande zote mbili yanaingia (kata sehemu ya juu ya chupa kama mdomo ni mwembamba, lakini weka alama ya nusu lita kwanza), fungua koki na utazame saa ya simu. Chupa ijae ndani ya sekunde 60. Nusu lita kwa dakika ndicho kiasi ambacho wakala wa afya na usalama kazini wa Uingereza, HSE, wanakitaja kuwa cha chini kwa mashine za aina hii. Ikijaa kwa sekunde 45, vizuri. Ikipita dakika moja haijajaa, usianze kazi: tazama chujio, tazama kama mpira umekunjika, tazama presha.

Halafu inama uangalie kila kijibomba peke yake. Maji yatoke pande zote mbili na yagonge uso wa diski, yasidondoke pembeni kwenye kinga. Mara nyingi kijibomba kimepinda baada ya mashine kuanguka. Kirudishe kwa koleo pole pole.

Hesabu ya maji

Nusu lita kwa dakika ina maana lita 16 zinaisha kwa dakika 32, na zile lita 7 za tangi la upepo kwa dakika 14. Hesabu vipande vyako. Tuseme una pevingi 40 za kukata pembezoni mwa uwanja na kila moja inakuchukua dakika moja na nusu diski ikizunguka: ni saa nzima, lita 30. Ongeza robo kwa kuanzia, kupima na kuoshea. Dumu mbili za lita 20 zikae kivulini zimejaa kabla hujawasha mashine. Nasema kabla hujawasha kwa sababu najua kitakachotokea. Siku moja Mbezi maji yalituishia zikiwa zimebaki pevingi sita, mwenye nyumba anataka kuegesha gari jioni hiyo hiyo. "Kavu tu, fundi, sita si kitu." Nikakata. Jirani alikuwa ameanika, na sare za shule za watoto watatu zikageuka rangi ya majivu. Sabuni nililipa mimi, na lawama nikabeba mimi.

Siku ya kukata

Chagua mahali pa kukatia, usikate popote pevingi ilipo. Pawe mbali na dirisha, na mama ntilie, na njia ya watu, pawe na mteremko kidogo wa kupeleka tope unakotaka wewe. Upepo ukupige ubavuni, ukikupiga mgongoni unatengeneza kimbunga kidogo mbele ya kifua chako kinachokurudishia vumbi usoni.

Pevingi usiishike kwa mguu. Najua wote tunaishika kwa mguu. Tengeneza kitanda cha mbao: ubao mmoja chini, vipande viwili vya mbili kwa nne vilivyopigiliwa misumari kuacha nafasi ya upana wa pevingi, na kabari ya kubania. Dakika kumi za kazi na kitakaa mwaka.

Vaa gambuti zenye soli isiyoteleza, glavu za mpira, miwani iliyofunga pembeni, kinga ya masikio, na barakoa ya daraja la FFP3, au N95 kama hiyo haipatikani. Ile ya kitambaa na ile ya bluu ya hospitali hazikamati chembe hizi. Ndevu nazo zinaachia hewa ipite pembeni. Ama unyoe pale barakoa inapokaa, ama ukubali kwamba umevaa pambo. Kanuni ya Marekani inamruhusu anayekatia nje kwa mashine yenye maji mfululizo afanye kazi kwa muda usiozidi saa 4 kwa siku bila barakoa, ila HSE ya Uingereza wanaitaka hata ukiwa na maji. Mimi nafuata Waingereza, kwa sababu maji yetu huziba bila taarifa.

Kisha fuata mpangilio huu na usiubadilishe:

1. Saidia apampu na afungue koki. Fundi aone maji yakitiririka pande zote mbili za diski.
2. Washa mashine chini, mbali na kitanda. Iache iungurume taratibu.
3. Piga resi hadi mwisho ikiwa hewani, ndipo ushushe diski juu ya mstari. Kushusha diski inayozunguka nusu nusu kunaweza kuifanya mashine iruke kuelekea kwako.
4. Mpito wa kwanza uwe mwepesi, usizidi kina cha sentimita moja, ili kupata mfereji ulionyooka. Mfereji huo unashika maji na kuyapeleka chini pamoja na diski.
5. Pita tena na tena, kila mara chini kidogo. Usiegemee. Uzito wa mashine unatosha, na ukigandamiza sana unapata unga mwingi kuliko maji yanavyoweza kuulowesha.
6. Usipindishe. Diski inakata ilikonyooka tu.
7. Ukimaliza, inua diski, achia resi, acha maji yaendelee sekunde chache yaoshe diski. Funga koki. Acha diski izunguke kidogo bila maji ijikaushe, halafu zima.

Tope likitoka linafanana na uji mwepesi wa kijivu. Likianza kuwa zito kama uji wa lishe, maji ni kidogo au unasukuma sana. Na ukiona kitu kama moshi kikichomoza nyuma ya diski, hata chembamba, acha hapo hapo. Usimalizie kipande.

Kuna njia ya kuhakikisha ambayo hainigharimu kitu. Jioni, jua likishakuwa chini, mtu asimame upande wa pili na tochi kali ailenge mahali unapokatia, wewe au mwenzio mwingine atazame kuelekea ilipo tochi huku akiziba mwanga wenyewe kwa kiganja. Vumbi ambalo mchana halikuonekana kabisa litang'aa ndani ya mwale kama vile vumbi la nyumbani linavyong'aa jua likipenya kwenye tundu la bati. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niliamini maji yangu yako sawa. Nikaona mkia mwembamba ukitoka upande wa kushoto tu. Kijibomba cha kushoto kilikuwa kimezibwa na mdudu.

Tope ni vumbi linalosubiri

Kazi ya maji haijaisha diski iliposimama. Tope likikauka, gari la kwanza litakalopita litalirudisha hewani, na umefanya kazi bure. Likusanye likiwa bichi: koleo, ufagio mgumu, ndoo. Kama ni jingi, chimba kishimo, litandikie nailoni na uliache lijitenge. Maji ya juu yamwage mchangani, kigandamo cha chini kifunge kwenye mfuko wa simenti uliokwisha na kitupwe pamoja na kifusi. Lisiende kwenye mtaro wa maji ya mvua, kwani linaganda humo kama lipu. Lisiende kwenye bustani ya mteja. Na kamwe usifagie kikavu wala usipulize kwa kompresa, si sakafu, si nguo zako, si nywele.

Maji ya simenti ni makali kama magadi. Yakiingia ndani ya gambuti na kukaa humo mchana mzima yanachoma ngozi bila wewe kusikia, unakuja kugundua usiku. Likiingia tope kwenye buti, vua, osha, badili soksi. Nguo za kazi zioshwe saitini au ziingie kwenye mfuko zikiwa na unyevu. Usizikung'utie uani nyumbani watoto wakiwa hapo.

Kama wewe ndiye mwenye kazi na una vijana chini yako, hayo yote ni jukumu lako kisheria, si hisani. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya wana yao ya 2007, na zote zinamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi na madhara ya kazi. Gharama ya bomba, mpira na barakoa iingize kwenye makadirio ya kazi tangu mwanzo, kwa jina lake, "udhibiti wa vumbi". Mteja akiuliza, mwonyeshe nguo za jirani.

Kuhifadhi

Kabla ya kuondoka saiti, mwaga maji yaliyobaki na upitishe maji safi hadi yatoke bila rangi kwenye vijibomba. Chomoa chujio, lisuuze, lirudishe. Tangi la upepo achia presha yote kwanza kwa kuvuta valvu, ndipo ufungue kifuniko. Kikifunguliwa na presha kinaruka na jino. Mpira usiuache juani, unapasuka pasuka. Washa ya pampu itie tone la mafuta ya kupikia kila baada ya wiki mbili hivi, si grisi, maana grisi inavimbisha mpira. Diski itoe kwenye mashine, ikaushe kwa kitambaa na uitazame kwenye mwanga: jino lililolegea, ufa, chuma kilichogeuka bluu kwa moto, yoyote kati ya hayo diski haina kazi tena.

Tangi lining'inize kichwa chini, mdomo wazi.